Hamsta, sweta na choo cha kusafiria miaka 200

Watu wengi ukitaja gemu wanawaza mpira au bunduki, sa mi leo nataka niongelee gemu ambayo huwezi kupiga risasi, huwezi kufa na hakuna anayekuhesabia muda, kazi yako ni kubofya vitu, kuvibeba, kuviunganisha na kupiga stori na watu wa ajabu, na bado inakukosesha usingizi. Inaitwa Day of the Tentacle, ilitoka 1993 kwa LucasArts, kampuni ya gemu iliyokuwa ya George Lucas wa filamu za Star Wars, na waliokuwa wanasimamia kazi ni Dave Grossman na Tim Schafer.

Mkasa uko hivi. Kuna mnyiri wa pweza, wa zambarau, pweza mwenyewe hayupo, ni mnyiri tu unaoruka ruka nyumbani kwa mwanasayansi mmoja anaitwa Dk. Fred. Huo mnyiri unakunywa uchafu wa sumu unaotoka kwenye mashine ya huyo Dk, unaota vijimkono viwili, na palepale unatangaza utaitawala dunia. Dk. Fred anaona dawa ni kuwarudisha vijana watatu siku moja nyuma wakaizime hiyo mashine kabla mambo hayajaharibika, na vyombo alivyowatengenezea vya kusafiria ni vyoo, vile vyoo vya kuhamishika unavyoviona kwenye matamasha. Almasi inayoendesha mtambo ni feki, inapasuka njiani, basi Hoagie ambaye ni fundi wa vyombo vya bendi ya metali anatua miaka 200 nyuma, Laverne anayesomea udaktari anatua miaka 200 mbele ambako minyiri ndo inatawala na binadamu wanafugwa kama paka, na Bernard anarudishwa leo hii hii. Wote wapo kwenye nyumba ileile moja.

Na hapo ndo utamu wote ulipo, kwa sababu wanaweza kutumiana vitu vidogo vidogo kwa kuvitia chooni na kuflashi, na chochote unachobadilisha zamani kinabadilika mbele saa hiyohiyo. Hoagie anafukia chupa ya mvinyo kwenye lile kasha la kumbukumbu linalofunguliwa baada ya miaka mingi, Laverne anakuja kulifungua anakuta siki ya miaka 400, anaituma kwa choo irudi kwa Hoagie aliyekuwa anahitaji siki kwa ajili ya betri ya kuwasha choo chake. Soma hiyo tena taratibu, inaingia akilini kabisa!

Ila mi moyo wangu uko kwa yule hamsta, kale kamnyama ka kufugwa kanakofanana na panya. Bernard anamgandisha kwenye mashine ya barafu leo, Laverne anamkuta miaka 200 baadaye bado mzima, anamwingiza kwenye maikrowevu kumyeyusha (msijaribu nyumbani jamani), anatoka anatetemeka baridi, hataki kufanya kazi ya kuzungusha gurudumu la umeme. Sasa utampata wapi sweta la saizi ya hamsta? Unamrudia Bernard, anachukua sweta la mtu mzima, analitia kwenye mashine ya kukaushia nguo, anajaza masarafu ya kutosha mashine izunguke mfululizo mpaka enzi za Laverne, na Laverne anaenda kulitoa limesinyaa limekuwa kadogo. Hamsta anavaa, anapanda gurudumu, umeme unawaka. Mimi na mdogo wangu tulipolipata hilo jibu tulipiga kelele mpaka mama akaja mlangoni kuuliza kuna nini.

Ndo maana naipenda kuliko gemu nyingine za kuchekesha. Nyingi unakuta utani uko kwenye maneno, mhusika anasema kitu unacheka, halafu fumbo lenyewe ni kazi tu ya kutafuta funguo ufungue mlango. Hapa jibu la fumbo ndo utani wenyewe. Unaanza kuwaza kwa akili ya ile nyumba, unajiambia mashine ikizunguka miaka 200 sweta litasinyaa kiasi gani, unajaribu, linakubali, na kicheko na ushindi vinakuja kwa pamoja. Dunia yao imechanganyikiwa lakini ina sheria zake na haizivunji hata mara moja, na hiyo ndo kazi ngumu ambayo wale jamaa waliifanya.

Kuna sehemu msomaji wa huku atakwama bila kosa lake, kwa sababu Hoagie anaangukia enzi za kina George Washington wanaandika katiba ya Marekani. Wamarekani wana hadithi ya watoto kwamba Washington alipokuwa mdogo alikata mti wa cheri wa baba yake akakubali kosa bila kudanganya. Kwenye gemu Laverne ananing'inia kwenye mti huko mbele, hawezi kushuka, na mti huohuo enzi za Hoagie ni wa matunda yanayofanana na vichungwa vidogo. Hoagie anayapaka rangi nyekundu, Washington anaona cheri, anashika shoka, na huko mbele mti unapotea Laverne anaanguka chini. Bila ile hadithi ungebofya usiku kucha, ndo maana hii nimeitoa hadharani. Ya bendera na yule mshonaji Betsy Ross siisemi, hiyo pambana nayo mwenyewe.

Michoro nayo, hakuna mlango ulionyooka humo ndani, kuta zimepinda, ngazi zimepinda, walikuwa wanafuata zile katuni za Bugs Bunny za Chuck Jones na inaonekana hata kwenye macho ya wahusika yanavyotoka nje. Kitu kingine, hii ni muendelezo wa Maniac Mansion ya 1987, na kwenye chumba kimoja kuna kompyuta, ukienda kuiwasha unaicheza hiyo Maniac Mansion yote mwanzo mwisho. Gemu nzima ndani ya gemu, bure!

Kuipata sio shida. Double Fine, kampuni aliyoianzisha Schafer, walitoa toleo lililochorwa upya 2016, na kitufe kimoja kinakurudisha kwenye michoro ya zamani muda wowote unapotaka kulinganisha. Ukiwa na faili za ile ya 1993 kuna programu ya bure inaitwa ScummVM, inaendesha gemu za namna hii hata kwenye simu au laptopu iliyochoka. Washa maandishi ya chini maana Dk. Fred anaongea haraka sana, na ukikwama achana na YouTube, mpigie mtu aliyeicheza akupe nusu ya jibu. Mi sasa hivi nimehamia Sam & Max Hit the Road, ya 1993 hiyohiyo, mbwa mpelelezi na mwenzake anayefanana na sungura, nikiimaliza nitaiandikia.