Kupima Shule Kabla ya Kuijenga Upya: Kinachopimika na Kinachoonekana

Ni nadra michoro ya shule ya zamani kulingana na majengo yaliyosimama. Tangu mchoro ulipopigwa muhuri hadi siku mpima anapofungua vifaa vyake, ukuta umebomolewa ili madarasa mawili yawe ukumbi, stoo imegeuzwa maabara, veranda imezibwa kwa matofali ikawa ofisi, na hakuna aliyekumbuka kurekebisha karatasi. Kwa sababu hiyo msanifu anayepanga kuiendeleza shule, iwe kwa ukarabati, kwa kuongeza ghorofa au kwa kubomoa na kuanza upya, huhitaji kwanza kujua alichonacho. Kazi yangu ni kumjulisha, na siku hizi hunitaka nimpe vitu viwili kwa pamoja: vipimo vya jengo, na ziara pepe inayomwezesha kuingia chumba hadi chumba akiwa mbele ya kompyuta yake.

Waagizaji wengi hudhani kwamba vitu hivyo viwili ni kimoja, na dhana hiyo huwagharimu baadaye. Ziara pepe ya kawaida hutengenezwa kwa picha za nyuzi 360, ambazo zikitandazwa huwa na upana mara mbili ya kimo chake. Picha hizo huonyesha vizuri unyevu uliopanda ukutani, soketi zilizong'oka na mlango unaoziba njia ya korido unapofunguliwa, lakini hazipimi. Kinachopima ni skana ya leza, ambayo hurusha mwanga, huupokea unaporudi na kukokotoa umbali. Mwanga husafiri takriban sentimita 30 katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kwa kuwa hapa unakwenda na kurudi, kuukosea muda kwa kiasi hicho ni kuukosea umbali kwa sentimita 15, yaani unene wa ukuta mwembamba. Ndiyo maana chombo hicho hakiazimwi ovyo.

Jambo ambalo hulitazama kwa makini kuliko yote ni unene wa kuta. Skana huona uso wa ukuta tu. Upande wa pili hupimwa kutoka chumba cha pili, kisha mawingu mawili ya nukta, yaani mikusanyiko ya nukta zote ambazo skana imezipima katika kila chumba, huunganishwa kwa kutumia vitu vinavyoonekana katika yote mawili, hasa kupitia mlangoni. Muungano ukiteleza kidogo, picha ya jumla itaendelea kupendeza, lakini ukuta utaonekana mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Mimi huenda na futi kwenye uwazi wa mlango, hupima unene halisi na kuulinganisha na wa kwenye kompyuta kabla ya kuondoka. Majengo ya shule yana hatari ya pekee hapa kwa sababu ya korido zake ndefu: kosa dogo katika kila kituo skana inaposimamishwa hujilimbikiza, na mwisho wa korido jengo zima huwa limepinda kimya kimya. Dawa yake ni kuzunguka nje na kufunga duara pale ulipoanzia, au, lililo bora zaidi, kuweka alama za udhibiti zilizopimwa kwa chombo cha upimaji ardhi na kuyafunga mawingu yote kwenye alama hizo.

Vioo navyo vina vituko vyao. Madirisha makubwa ya madarasa huakisi leza, na ukifungua data unaweza kukuta darasa zima la ziada, madawati na ubao vikiwemo, likielea nje ya ukuta juu ya uwanja wa michezo. Mzoefu hulifuta bila kusita, ila mtu anayefanya kazi hiyo ofisini bila kuwahi kufika shuleni anaweza kujiuliza kama kuna jengo la nyongeza.

Kwa upande wa picha, mimi huweka kamera kwenye kimo cha macho ya mtu mzima na kuitenga na miimo ya milango. Kitu kilicho karibu mno na kamera hukatika pale picha mbili zinaposhonwa, na mkato huo ukiangukia ukutani hufanana sana na ufa. Kikao cha mipango kinaweza kupoteza muda mrefu kikijadili ufa ambao haupo. Kazi ifanyike wakati wa likizo, wanafunzi wakiwa hawapo. Hata hivyo, majina na picha za wanafunzi zilizobandikwa ukutani zifunikwe au zitiwe ukungu kabla ziara haijamfikia mtu yeyote.

Kuna pia yale ambayo kifaa chochote cha mwanga hakiyaoni. Mwishoni mwa Agosti 2023, siku chache kabla ya muhula kufunguliwa, zaidi ya shule 100 nchini Uingereza zilitakiwa kufunga majengo yake au sehemu za majengo hayo kwa sababu ya vibamba vya zege jepesi lenye vitundu vya hewa, vilivyotumika sana kwenye mapaa ya miongo iliyopita. Miaka mitano kabla ya hapo, paa la aina hiyo lilikuwa limeporomoka katika shule ya msingi huko Kent, kwa bahati nzuri mwishoni mwa wiki. Vibamba hivyo mara nyingi hufichwa na dari au rangi, na skana ingeandika tu kwamba hapo pana uso bapa. Asbesto ni vivyo hivyo: haithibitishwi kwa picha, bali kwa sampuli iliyopelekwa maabara.

Kwa hiyo ndani ya kila ziara ninayoikabidhi huweka alama mahali ambapo sikuona: dari isiyofunguliwa, chumba kilichokosa ufunguo, sakafu iliyofunikwa na zulia. Baadhi ya wateja huniomba niziondoe kwa kuwa zinachafua mwonekano. Huwa sikubali, kwa maana mhandisi wa miundo akiifungua ziara hiyo huanza na alama hizo anapoandika orodha ya mahali pa kutoboa na kuchukua sampuli.