Nimesoma au Nimecheza?

Tangu Jumanne jioni swali la mwanafunzi mmoja limenikwama kooni. Wiki hii tumepokea wageni wa mahari ya mdogo wangu kule Murang'a, chuo kimesogeza mbele tarehe za mitihani, na stima imepotea mtaani kwetu usiku kucha, lakini kila ninapokaa kuandika ni swali hilo tu linalokuja.

Aliyeuliza ni yule binti wa Kayole niliyewasimulia muhula uliopita, anayekuja kwenye darasa langu la mitandao ya kompyuta na koleo la kubania plagi za kebo aliloachiwa na kaka yake. Wenzake walikuwa wamekwisha kutoka, nami nilikuwa nikizima kompyuta za maabara moja baada ya nyingine. Alisimama mlangoni, mkoba begani.

"Madam, samahani, nina swali, na tafadhali usinielewe vibaya."

"Uliza tu."

"Nikienda kutafuta kazi, waniulize kama nimewahi kufunga swichi na ruta, nitawaambia nimesoma au nimecheza?"

"Utawaambia umesoma, kwa sababu umesoma."

"Sawa, madam."

Kisha akaenda zake. Swali lenyewe halikuniuma sana. Ni ile "sawa, madam" iliyoniuma, kwa maana kila aliyelelewa na wazazi wakali anaifahamu. Ni jibu la heshima ambalo kijana humpa mkubwa wake mazungumzo yakiisha kabla moyo haujaridhika. Nimeisikia ndani ya matatu kwenye Jogoo Road, nimeisikia nikikata sukuma, na Baba Imani ameniuliza mara kadhaa ninazungumza na nani.

Ninaelewa swali lake limetoka wapi. Darasa lake lina wanafunzi wengi na swichi nne, vile visanduku vinavyounganisha kompyuta za mtandao mmoja, na kila kikundi kikipata zamu ya kugusa kifaa, zamu hiyo huisha kabla wote hawajaingiza mkono. Sehemu kubwa ya mazoezi hufanyika ndani ya Packet Tracer, ile programu ya Cisco inayoigiza ruta (kifaa kinachounganisha mtandao mmoja na mwingine), swichi na kebo kwenye skrini. Maswali na kazi za nyumbani ziko kwenye Moodle, jukwaa la masomo la mtandaoni. Na tangu mwaka jana tuna ulimwengu wetu pepe, uliojengwa kwa OpenSimulator kwenye seva ya chuo, ambamo kila mwanafunzi huingia akiwa na umbo lake la kutembea na kuzungumza. Mtu akipita dirishani akaona vijana wakiendesha vibonzo kwenye skrini, atasema wanacheza. Wazazi wawili wamekwisha kuniambia hivyo, na sikuwajibu kwa ukali, kwa kuwa wanalipa karo kwa jasho.

Hata hivyo ninaamini kwa dhati kwamba huko ndiko wanakoona mambo ambayo kifaa halisi hakiwezi kuwaonyesha. Swichi ya chuma, ukiitazama siku nzima, itakupa taa ndogo za kijani zinazowaka na kuzima, basi. Sisi tuliosoma kabla ya 2009, wakati nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilikuwa bado hazijafika Mombasa na intaneti yetu ya nje ikipitia setilaiti, tulichorewa pakiti, yaani vipande vidogo vya data vinavyosafiri mtandaoni, ubaoni kwa chaki na kuambiwa tuamini. Ndani ya Packet Tracer unaweza kusimamisha wakati, ukaibofya pakiti ikiwa katikati ya safari, ukaifungua tabaka kwa tabaka na kuona anwani ya IP, inayotaja mwisho wa safari, ikibaki ileile huku anwani ya MAC, inayotaja kifaa cha hatua inayofuata, ikibadilika kila inapovuka ruta. Jambo hilo moja lilinisumbua muhula mzima nilipokuwa mwanafunzi. Darasa langu la sasa linalimaliza kwa kipindi kimoja.

Katika ulimwengu wetu pepe tunakwenda mbali zaidi, kwa sababu wanafunzi wenyewe huwa vifaa. Mmoja anakuwa ruta, mwingine swichi, wengine kompyuta, kila mmoja akiwa na anwani yake kichwani. Tulipofika kwenye itifaki ya ARP, kanuni ambayo kifaa hutumia kuuliza ni nani mwenye anwani fulani ya IP, kompyuta mmoja alipaza sauti: "Nani mwenye 192.168.10.20?" Wote wa mtandao ule walisikia, kama watu wa plot moja wanavyosikia mtu akiuliza mwenye gari lililoziba geti, lakini aliyejibu ni mmoja tu. Kisha kijana wa upande wa pili wa ruta akalalamika kwamba yeye hakusikia chochote, nami nikafurahi kupita kiasi, maana ndivyo inavyotakiwa: tangazo la namna hiyo halivuki ruta. Somo hilo lilifundishwa na lalamiko lake.

Hayo yote nilikuwa ninamweleza binti wa Kayole kichwani mwangu Jumatano kutwa, naye kila mara ananijibu, "Sawa, madam." Maana upande wake nao una ukweli. Kebo ya kwenye skrini haichomoki kidogo tu, kiasi cha kushika asubuhi na kukatika mchana. Nyuzi zake nane hazihitaji kupangwa kwa vidole: nyeupe ya machungwa, machungwa, nyeupe ya kijani, buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia, kisha kubanwa kwa nguvu ya mkono usiotetemeka. Fundi aliyevuta waya zaidi ya mita 100 kutoka kwenye swichi, akapata mtandao unaozimia kila saa, anajua kitu ambacho mwanafunzi wa skrini amekisoma tu. Nililala Jumatano nikiwa na uzito kifuani.

Alhamisi usiku tulikuwa na kipindi cha mtandaoni. Binti aliingia kutoka nyumbani kwa simu, akiwa ameiunganisha na kompyuta ya kuazima ili itumie bando lake. Tulikuwa tukizungumzia mipango ya anwani, jinsi mtandao wa ukubwa uitwao /26 unavyokupa nafasi 62 za vifaa, nilipoona umbo lake likifanya mambo ya ajabu: linatembea kuelekea ubaoni, linafika, kisha ghafla linarudishwa nyuma pale lilipoanzia. Likajaribu tena, likarudishwa tena. Nilitaka kumwambia aketi tu, tuendelee. Kabla sijaandika, ujumbe wake ukatokea, umechelewa lakini mzima:

"Madam, mbona maneno yangu yanafika lakini miguu yangu haifiki?"

Niliacha somo la anwani pale pale. Nilimwomba afungue Wireshark, programu ya kunasa pakiti aliyokwisha kuisakinisha kwa zoezi la mwezi uliopita, kisha achuje mawasiliano ya UDP (njia mojawapo ya kutuma pakiti) ya lango 9000, ambalo seva yetu hulitumia. Ulimwengu wa OpenSimulator huzungumza lugha ileile ya Second Life, ule ulimwengu wa Linden Lab uliofunguliwa Marekani 2003, na lugha hiyo husafiri juu ya UDP, ambayo yenyewe haimhakikishii mtu kwamba alichotuma kimefika. Waliouunda waliongeza uhakika wao wenyewe juu yake: pakiti hubeba nambari ya mfuatano, na zile zenye jambo la lazima, kama maneno ya mazungumzo, hutiwa alama ya kutaka jibu, zikikosa jibu zinatumwa upya. Taarifa za mwendo hazitiwi alama hiyo. Hutumwa mfululizo, na ikipotea moja haifuatwi, kwa kuwa nyingine mpya iko njiani na ile ya zamani haina kazi tena.

Sikumwambia hayo. Nilimwacha atazame, na darasa zima likamsubiri. Baada ya kitambo akaandika kwamba kuna pakiti zinazojirudia zikiwa na nambari ileile, na nyingine ndogondogo nyingi ambazo hazijirudii kamwe. Akauliza kama zile zinazojirudia ndizo maneno yake. Kijana mmoja wa Umoja akadakia kwamba basi zile ndogo ni miguu. Wakaanza kubishana kama mjenzi wa mfumo alifanya haki kuiacha miguu ipotee, na binti akatetea kwamba ndiyo, kwa sababu hakuna anayehitaji kujua alikuwa wapi sekunde mbili zilizopita. Hoja hiyo ndiyo ambayo wahandisi wa simu za intaneti na michezo ya mtandaoni hutumia kuchagua UDP badala ya TCP, njia inayotuma upya kila kilichopotea, naye ameifikia mwenyewe, saa tatu usiku, akiwa na bando linalokaribia kuisha.

Nilishindwa kulala kwa furaha. Pakiti zile hazikuigizwa na programu yoyote. Zilitoka kwenye simu yake, zikapita hewani hadi kwenye mnara, zikavuka jiji hadi seva yetu, na baadhi zilipotea kweli njiani. Ulimwengu pepe unaotazamwa na wengi kuwa picha ya mtandao ni mzigo halisi juu ya mtandao halisi, na mwanafunzi aliyeupima mzigo huo kwa mikono yake ana la kusema mbele ya mwajiri yeyote.

Hajaniambia kama ameridhika, na sijamuuliza. Jumanne nitaliweka faili la pakiti zake kwenye Moodle, kwa idhini yake, liwe zoezi la darasa zima, kisha kipindi kizima cha pili kitakuwa cha zile swichi nne, vikundi vidogo, koleo lake likiwa mezani. Nimeandika pia barua ya kuomba kebo na plagi zaidi, nimeiwasilisha ofisini Ijumaa, na nitaifuatilia.

Kinachonitatiza sasa ni kwamba Jumanne hiyohiyo ndiyo siku ya Mama ya kliniki ya macho, kaka yangu amesafiri, na bado sijapata mtu wa kumsindikiza.