Jinsi Tulivyomlea Mtoto Aliyezaliwa Bila Macho

Mwanangu alizaliwa hapa Kisumu bila jicho hata moja, hali ambayo madaktari huiita anofthalmia. Daktari wa macho alitueleza kwamba macho huumbika katika wiki 8 za kwanza za ujauzito, na kwamba chanzo kinachojulikana zaidi ni hitilafu katika jeni (chembe ya urithi) iitwayo SOX2. Maelezo hayo nilimrudia mama mkwe kwa upole kila alipouliza ni chakula gani nilichokula au ni nani niliyemkosea.

Mtoto alipimwa usikivu, ubongo, figo na homoni, kwa kuwa kasoro hii haiji peke yake kila mara. Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba jicho linapokua ndilo linaloupanua mfupa unaolizunguka pamoja na kope, hivyo lisipokuwepo uso hubaki nyuma mwili ukiendelea kukua. Ndiyo maana aliwekewa mapema konfoma, kipande kidogo cha plastiki kinachokaa ndani ya tundu la jicho na kubadilishwa kwa kikubwa zaidi kadiri nafasi inavyoongezeka. Hakimwezeshi kuona, kazi yake ni kuukuza uso.

Kukisafisha kulinitia hofu kuliko kumwogesha. Hunawa mikono kwa sabuni, nikavuta kope la chini, nikakitoa na kukisuuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Kukirudisha, huanza kukiingiza chini ya kope la juu, kisha nikashusha la chini hadi kikae. Jamaa walionihurumia walinisihi nikiache nje mtoto apumzike, nami nilikataa kabisa, kwa kuwa tundu la mtoto mchanga hujifinya upesi.

Usingizi ulitusumbua zaidi, maana mwili wake haupati mwanga wa kuutenganisha usiku na mchana. Tulishika ratiba bila kuivunja: kuoga na uji asubuhi, kelele za nyumba mchana, ukimya baada ya jua kutua. Usingizi ulimtulia polepole. Vilevile niliwaomba wote wamwite kabla ya kumgusa, asishtuke, na wampe vitu mkononi huku wakivitaja: kijiko, hindi bichi, sikio la mbuzi.

Kituo cha tathmini ya elimu maalumu kimeshamwandikisha, na Kibos, penye shule ya wasioona, si mbali na kwetu. Macho ya bandia yaliyopakwa rangi atatengenezewa matundu yakishapanuka vya kutosha. Baba yake ameomba yawe ya kahawia iliyokolea, kama ya ndugu zake.