Kila namba kwenye viwango vya halmashauri iandikiwe sababu yake

Kama umewahi kupeleka michoro ya barabara au mitaro halmashauri ili ipitishwe basi unakijua kile kitabu cha viwango vya usanifu, kurasa kwa kurasa za namba tu, bomba la maji ya mvua lisipungue milimita 300, barabara iteremke pembeni kwa asilimia 2 mpaka 3 ili imwage maji, kifusi kishindiliwe tabaka kwa tabaka, njia ya waenda kwa miguu iwe na upana huu na huu. Mi nakipenda hicho kitabu, nasema kwa moyo wote, maana bila hicho kila mjenzi angejenga anavyojua yeye, akauza viwanja vyake akaondoka, halafu halmashauri ndo inabaki na barabara na mabomba ya kutunza miaka 50 mbele. Ila kuna kitu kimoja kinanikera kweli, kitabu kinakupa namba lakini hakikwambii namba imetoka wapi.

Sababu ikikosekana, mtu wa halmashauri anaishika namba kama amri hata pale isipofaa, na mkandarasi anaiona ni usumbufu tu anatafuta pa kuipunguza. Wote wawili wanaharibu kazi na wala hawana nia mbaya.

Chukua bomba la majitaka. Viwango vinakutajia mteremko wa chini kabisa kwa kila kipenyo, na mtu akikutana na ardhi tambarare anaona ah, nikilaza kidogo zaidi napunguza kuchimba, kuna shida gani. Shida ni kwamba majitaka hayabebi maji peke yake, yana uchafu mzito, na ili uchafu usitulie chini maji yanatakiwa yafikie mwendo wa kama mita 0.6 mpaka 0.75 kwa sekunde angalau mara moja kwa siku, pale watu wengi wanapotumia maji kwa pamoja. Ukilaza bomba mwendo unashuka, uchafu unakaa, kesho unakaa mwingine juu yake, mwisho bomba linaziba na chemba, lile shimo lenye mfuniko la kukagulia bomba, inafurika. Na hapa kuna jambo linalowashangaza wengi: kuweka bomba kubwa zaidi hakusaidii, maana maji yakiwa machache yanatandaa chini ya bomba pana yanakuwa membamba na yanazidi kwenda polepole. Watu walilijua hili zamani sana, mabomba makubwa ya majitaka ya London ambayo mhandisi Joseph Bazalgette alianza kuyajenga 1859, mwaka mmoja tu baada ya uvundo wa mto Thames kulitikisa jiji zima, baadhi yalipewa umbo la yai lenye ncha nyembamba chini, ili hata maji yakipungua yabaki na kina cha kusukuma uchafu. Sasa sababu hiyo ni mistari miwili tu, ingeandikwa chini ya jedwali la miteremko nani angethubutu kulaza bomba?

Kwenye maji ya mvua mambo yanageuka, huko kipenyo ndo kila kitu. Mtu akiona bomba la milimita 450 limechorwa halafu stoo yapo ya 300 anaona tofauti ni ndogo. Siyo ndogo hata kidogo! Kwa mteremko uleule uwezo wa bomba lililojaa unapanda haraka kuliko kipenyo chenyewe, na ukipiga hesabu kwa fomula ya Manning, ile wahandisi wanayokadiria nayo mwendo wa maji, hilo la 300 linapitisha karibu theluthi moja tu ya linachopitisha la 450. Theluthi moja. Na maji yenyewe yanayokuja yanategemea uso wa ardhi, hekta moja ya majani ikinyeshewa mvua ya milimita 60 kwa saa inaweza kukuletea kama lita 40 kwa sekunde, hekta hiyohiyo ukiijaza mapaa na lami unaongelea lita 150. Ndo maana halmashauri makini zinamwambia anayeendeleza eneo kwamba maji ya ziada ayashikilie kwake, achimbe bwawa au aweke matangi ayaachie polepole, asiwasukumie waliopo chini.

Halafu kuna suala la mvua ya miaka 100, hili linaeleweka vibaya kuliko yote. Watu wanadhani ni mvua inayokuja mara moja kila miaka 100 kwa hiyo sisi tuko salama, ilikuja juzi. Hapana, maana yake kila mwaka ina nafasi ya asilimia 1, na kwa mtu anayekaa kwenye nyumba miaka 30 nafasi ya kukutana nayo angalau mara moja ni kama asilimia 26. Mabomba ya mtaani kwa kawaida husanifiwa kwa mvua ya miaka 5 au 10, kubwa kuliko hapo yanafurika, na inajulikana kabisa kuwa yatafurika! Kwa hiyo usanifu mzuri unayatengenezea maji ya ziada njia ya juu ya ardhi, mara nyingi barabara yenyewe, mpaka mtoni, na sakafu za nyumba zinainuliwa juu ya kimo cha maji hayo. Sasa mchoro unaonyesha njia hiyo kama kipande kitupu kati ya viwanja viwili, hakuna maelezo, baada ya miaka michache mtu anaomba kibali cha ukuta, anayekitoa anaona ni uwazi tu, anapitisha. Mvua kubwa ikija ukuta umekuwa bwawa na nyumba za nyuma zinaogelea. Hiyo inaniuma sana kwa sababu ilikuwa inazuilika kwa sentensi moja.

Kushindilia kifusi nako ni hivyohivyo. Simama uangalie mtaro wa bomba unavyofukiwa pale msimamizi asipokuwepo, udongo wote unamwagwa kwa mkupuo mpaka juu, mashine inapita juu mara kadhaa, pananyooka vizuri, lami inarudishwa, safi. Ila nguvu ya ile mashine ndogo inafika sentimita 15 au 20 hivi tu, chini ya hapo udongo bado una mapengo. Maji yakiingia unashuka, na hapo ndo unaona ule mstari mrefu uliobonyea unaokata barabara, kila gari likipita linadunda. Na malori ndo yanamalizia, majaribio makubwa ya barabara kule Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kuwa uzito wa ekseli ukiongezeka mara mbili uharibifu unaongezeka kama mara 16.

Chemba sitaongea sana. Kati ya chemba na chemba bomba liwe limenyooka, kwa sababu anayelikagua anashusha taa upande mmoja na mwenzake anashika kioo upande wa pili, wakiona duara zima la mwanga bomba liko sawa, wakiona nusu limebonyea au limepinda. Mifuniko iwe ya aina moja ili stoo iwe na spea.

Ninachopendekeza hakihitaji hela nyingi. Chini ya kila namba kuwe na mistari mitatu: inalinda nini, nani anaumia ikivunjwa, na mazingira gani yanaruhusu kuibadilisha kwa idhini ya mhandisi. Rampu ya mteremko wa 1 kwa 12, yaani inapanda mita 1 kwa kila mita 12 za urefu, kwa mfano, iandikwe wazi kwamba ni kwa ajili ya mtu anayesukuma kiti chake cha magurudumu kwa mikono, kwa hiyo ukingo wa barabara wenye kimo cha milimita 150 unahitaji rampu ya mita 1.8, na nafasi ikikosekana shusha ukingo, usiifanye rampu iwe kali zaidi. Mkandarasi akishajua anamjengea nani hatabishana na wewe sana.

Na kama nikiambiwa nichague pa kuanzia ningeanza na sura ya mvua, maana namba zake zinatoka kwenye vipimo vya vituo vya hali ya hewa na vipimo vinazeeka. Jedwali liandikwe takwimu zake ni za mwaka gani mpaka mwaka gani, kituo kipi, na lini litapitiwa tena, kwa sababu bomba linalofukiwa mwaka huu kwa jedwali la zamani hakuna atakayelifukua kulibadilisha hivi karibuni.