Siku moja gerejini Malindi: gari linalowaka asubuhi na kukataa mchana

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Natoka msikitini hapa Shella, kusi inavuma kutoka baharini, na nikilamba midomo napata chumvi. Wageni wanaupenda upepo huu. Mimi ukinipiga usoni nawaza nyaya. Chumvi hii hii inaingia chini ya boneti za magari yote ya mji, inakaa kwenye shaba, inageuka ile kutu ya kijani ambayo mafundi wa bara hawaijui kama tunavyoijua sisi.

Mahamri mawili, mbaazi, chai ya tangawizi, kisha kazini.

Saa moja. Mwanagenzi wangu ameshafagia na kumwaga maji kutuliza vumbi. Gari la kwanza ni Corolla 100 ya mwaka 1994, injini 5A-FE, mali ya mwalimu anayefundisha ng'ambo ya Mambrui na kuvuka daraja la Sabaki kila siku ya shule. Nilimwomba aliache hapa tangu jana jioni, kwa sababu nilitaka nilipate limepoa kabisa, hata chuma cha injini kiwe baridi mkononi.

Malalamiko yake ni haya. Asubuhi linawaka mara moja. Akisimama kituo cha mafuta, akazima, akitaka kuondoka halitaki. Starta inazunguka, harufu ya petroli inajaa, watu wanakuja kusukuma. Akilipumzisha nusu saa linawaka lenyewe, likitoa moshi mweusi. Na petroli linakunywa kuliko zamani. Kabla ya kuletwa kwangu lilikuwa limebadilishwa plagi, kofia ya distribyuta (kile kinachogawa moto kwa plagi) na pampu ya petroli. Vitu vizima vilitolewa, vikawekwa vizima vingine, na yeye ndiye aliyelipa.

Gari linalowaka likiwa baridi na kukataa likiwa moto, huku linanuka petroli, mimi kwanza naitazama sensa ya joto la maji yanayopoza injini.

Saa moja na nusu. Upande wa gia, karibu na distribyuta, kuna sensa mbili zimekaa jirani. Yenye waya mmoja ni ya geji ya kwenye dashibodi. Yenye nyaya mbili ndiyo inayozungumza na kompyuta ya injini. Hazijuani kabisa. Geji inaweza kusimama pale pale katikati, dereva ametulia, na kompyuta ikawa inadanganywa mchana kutwa. Nimeona watu wengi wakiambiwa "temperecha iko sawa, angalia geji," kisha wakatumwa kununua pampu.

Nikachomoa konekta ile ya nyaya mbili, nikaweka mita kupima ukinzani wa umeme wa sensa. Ohmu 1,850, hewa ikiwa nyuzi 27.

"Nzima hiyo, fundi," mwanagenzi akasema.

Kwa sasa ni kweli. Kwenye nyuzi 20 sensa hii inatakiwa iwe kati ya ohmu 2,000 na 3,000, na joto likipanda namba inashuka. Kwa asubuhi ya Malindi, 1,850 ni jibu zuri. Na hapo ndipo aliyepima kabla yangu, kama alipima, alipofunga boneti.

Nikarudisha konekta, nikafungua kile kisanduku kidogo kilichoandikwa DIAGNOSIS, nikaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, nikawasha swichi. Taa ya injini ikapepesa kwa mwendo mmoja, haraka haraka, bila kupumzika: hakuna kosa lililoandikwa. Ingekuwa namba 22, ingepepesa mara mbili, ikanyamaza, ikapepesa mbili tena, na hiyo ndiyo namba ya sensa hii. Lakini kompyuta ya zamani namna hii huandika kosa pale tu waya unapokatika au kugusana. Sensa ikitoa jibu la uongo ambalo bado linaingia akilini, inaaminiwa.

Saa mbili. Tukaliwasha lipate moto. Mkono wangu uko kwenye paipu ya juu ya rejeta: baridi, baridi, baridi, kisha ghafla haishikiki. Maana yake themostati, kile kilango kinachofungulia maji yaende rejeta yakishapata moto, ipo na inafungua. Lazima nihakikishe, kwa sababu pwani hii kuna desturi ya kuing'oa themostati na kuitupa, eti kwetu kuna joto haina kazi. Injini isiyokuwa nayo inachelewa kupata moto wake, barabarani inapoa kupita kiasi, na sensa nzima kabisa itasema maji ni baridi kwa sababu kweli ni baridi. Desturi hiyo inaniuma, kwa sababu anayefanya hivyo huwa anaamini amemsaidia mwenye gari.

Feni ikawaka na kuzima mara mbili. Nikazima injini, nikachomoa konekta, nikapima tena haraka.

Ohmu 1,100.

Kwenye nyuzi 80 ilitakiwa iwe kati ya 200 na 400. Nikamshikisha mwanagenzi mita aisome mwenyewe. Ndani ya sensa kuna kijiwe ambacho ukinzani wake wa umeme hupungua kadiri kinavyopashwa moto. Hiki kimezeeka. Kinashuka kidogo, kisha kinagoma njiani. Kompyuta ikiona 1,100 inaelewa maji yako kama nyuzi 40, na kwa injini baridi kazi yake ni kuongeza petroli, kwa vile petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye chuma baridi. Asubuhi nyongeza hiyo ni haki. Mchana, injini ikiwa moto, ni mafuriko: plagi zinalowa, masizi yanajaa, gari linakataa. Nikatoa plagi moja, mpya ya wiki tatu, nyeusi kama imetoka kwenye jiko la kuni.

Nikapima pia konekta upande wa gari, swichi ikiwa imewashwa. Volti 5 zinafika. Basi nyaya ni nzima, mkosaji ni mmoja.

Saa tatu. Nikampigia simu mwenye gari.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Limekushinda?"

"Halijanishinda. Ni sensa."

Akaniambia yuko mtu alimshauri awekewe rizista, kidude chenye ohmu zisizobadilika, kwenye ile konekta, kompyuta ione injini ina moto siku zote, pesa kidogo tu. Nikamweleza kwamba hapo asubuhi ndiyo litakapokuwa linasumbua, na siku likichemka kweli kompyuta haitajua. Akanyamaza kidogo, akasema, "Weka inayotakiwa."

Saa nne. Duka la spea. Huwa naenda na mita yangu mfukoni, na wenye maduka wamenizoea. Sensa mbili mezani, nyuzi za kukazia sawa, konekta sawa, rangi karibu sawa. Moja ikasoma 1,800, nyingine 5,200. Hiyo ya pili si mbovu, ni ya gari jingine, lakini ingeingia kwenye tundu bila shida na ningerudi nyuma kuliko nilipoanzia. Nikachukua ya kwanza kwa shilingi 1,500, pamoja na washa mpya, ile pete ya shaba ya kuzibia.

Hapa naruka hadi saa nane na nusu, sensa kuukuu ikiwa imeshatoka kwenye gari. Sehemu ninayoipenda kuliko zote katika kazi hii. Jiko la makaa, sufuria ya maji, kipimajoto, na sensa zote mbili, mpya na kuukuu, zimening'inizwa kwa waya vichwa vikiwa majini bila kugusa chini. Mwanagenzi akawa anaandika kwenye daftari kila nyuzi kumi. Zikaanza pamoja. Kwenye 40 mpya ilikuwa 1,150, kuukuu 1,400. Kwenye 60 mpya imeshuka hadi 580, kuukuu 1,200. Kwenye 80 mpya inasema 310. Ile nyingine bado iko 1,100, kama mtu aliyechoka akakaa kitako katikati ya ngazi. Kijana akaziangalia zile safu mbili kwa muda, hakusema kitu. Mimi pia sikusema. Nilifundishwa kazi hii kwa kuambiwa "badilisha tu," na sikutaka yeye afundishwe hivyo.

Saa sita hadi saa nane. Injini bado ina moto, haiguswi. Kifuniko cha rejeta ukikifungua likiwa moto, maji yaliyokuwa yamebanwa na presha yanaruka yakichemka, na ninamjua mtu mwenye kovu la shingoni kwa sababu hiyo. Tukafunga breki za tuktuk, nikaswali, tukala wali na mchuzi wa samaki.

Saa nane. Kufungua rejeta: maji ya rangi ya chai, na kwenye shingo ya rejeta ukoko mweupe. Maji ya kisima. Kisima cha Malindi kina chumvi hata pale unapokunywa usiisikie, na watu wanajazia rejeta kwa kile kilicho karibu. Nikayamwaga yote, nikasafisha mara tatu kwa maji ya bomba, yale yanayotoka kwenye mitambo ya maji ya Baricho.

Sensa yenyewe ikachukua dakika kumi. Konekta ya plastiki iliyopikwa miaka 30 huvunjika ukiivuta kwa nyaya, kwa hiyo bonyeza kijiti chake taratibu, uvute kwenye mwili. Soketi ndefu ya namba 19, ikalegea, ikatoka, na hapo ndipo tulipozipima zote mbili kwenye sufuria. Nikasugua shaba za ndani ya konekta mpaka ukijani ukaisha. Washa mpya, kwanza nyuzi kwa mkono mpaka mwisho, kisha spana kidogo tu, maana kichwa cha silenda ni aluminiamu na ukikaza kwa hasira unakula nyuzi. Utepe mweupe wa mabomba sikuuweka. Sensa hii ya nyaya mbili usingeiathiri, lakini jirani yake ya waya mmoja hutegemea mwili wa injini kurudisha umeme, na mazoea ya utepe yakihamia kule geji itaanza kusema uongo.

Kulanti, ile dawa ya rejeta, nusu, maji yaliyosafishwa nusu. Hita imefunguliwa hadi mwisho, injini inanguruma, mimi naiminyaminya paipu ya juu huku mapovu yakitoka. Hewa ikibaki karibu na sensa, itapima mvuke badala ya maji. Mapovu yalipokoma nikafunga kifuniko. Sensa mpya ikiwa moto: ohmu 290. Plagi nikazisafisha nikazirudisha. Hazina kosa.

Saa kumi. Nikaliendesha hadi daraja la Sabaki. Nikalizima kando ya barabara, feni ikiwa bado inazunguka, nikahesabu dakika tano, maana ndio muda ambao lilikuwa likimtesa. Likawaka kabla sijauzungusha ufunguo vizuri. Dakika kumi, likawaka. Nyuma hapakuwa na moshi.

Saa kumi na moja na nusu. Mwalimu amekuja na tuktuk, vumbi la chaki bado liko mkononi. Nikamwonyesha daftari, safu mbili za kijana, akazisoma kwa makini kama anasahihisha, akauliza kwa nini kwenye 40 tofauti ni ndogo. Swali zuri, tukakaa nalo kidogo. Akaomba sensa ile kuukuu aende nayo darasani, pamoja na kuazimwa mita kwa siku chache. Nikampa.

Kuhusu petroli bado hatujui. Nimemwambia ajaze tanki Jumamosi, aandike kilomita, ajaze tena Alhamisi na aniletee hesabu pamoja na mita yangu.