Mradi wa sauti ya gari kwenye baridi: nilipofikia

Kwa mnaofuatilia, swali bado ni lilelile, kwa nini gari ikiwashwa asubuhi ya baridi inanguruma vile halafu baada ya dakika chache inatulia kama sio yenyewe. Simu naiweka palepale nyuma ya ekzosi, kipimajoto pembeni, narekodi ikiwa ya baridi halafu narekodi tena ikishapata moto. Injini ya petroli, silinda 4, ekzosi ya kiwandani haijaguswa.

Rekodi za asubuhi ya nyuzijoto 3 ndo zina mambo. Ikiwaka tu mizunguko ya injini inapanda mpaka 1,400 hivi kwa dakika, ikishapata moto inakaa 750. Sasa piga hesabu, silinda 4 zinatoa mapigo mawili kila mzunguko, kwa hiyo ni kama 47 kwa sekunde badala ya 25, hapo tu sauti ishabadilika. Na kelele nyingi sio ya baridi yenyewe, ni kontroli boksi (kompyuta ya injini) inafanya makusudi: inaongeza mafuta sababu petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye baridi, halafu inachelewesha cheche za plagi ili moto uende na moshi mpaka kwenye bomba kupasha masega (kile kichujio cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi), maana masega hayafanyi kazi sawasawa mpaka yafike nyuzi 250 mpaka 300 hivi. Watu wanausikia ule mlio wanadhani ni nguvu, kumbe pale nguvu inatupwa nje. Mimi pia naupenda ila tusidanganyane.

Kilichonipa kazi zaidi ni ule mvumo wa ndani ya gari ukiwa unaendesha. Bomba likiwa bado baridi unaanza kwenye mizunguko 1,900, likishachemka unahamia karibu 2,300. Nilihisi sailensa inalegea, hapana, ni joto la moshi wenyewe. Sauti kwenye hewa ya nyuzi 0 inakwenda mita 331 kwa sekunde, kwenye nyuzi 500 inafika kama 557, sasa urefu wa bomba ni uleule ila mawimbi yanakimbia zaidi, lazima toni ya bomba ipande. Ndo maana naona kulinganisha video za ekzosi bila kujua gari ilikuwa na joto gani ni kupoteza muda tu.

Maji yanayodondoka nyuma msiyaogope, lita moja ya petroli ikiungua inazaa karibu lita moja ya maji, yanatoka kama mvuke, bomba la baridi linaupoza unageuka matone.

Halafu kuna ile tiki tiki. Tapeti (vile vyuma vinavyosukuma valvu za injini) zikikosa oili zinagonga ila oili ikishapanda zinanyamaza ndani ya sekunde chache, hii yangu inakaa dakika kadhaa ndo inaisha, na nikivaa glavu nikaziba mdomo wa bomba kidogo kwa kitambaa kinene inazidi, kwa hiyo moshi unavuja kwenye gasketi ya manifodi (pale bomba la moshi linapoungana na injini), chuma kikitanuka kwa joto panajiziba penyewe. Gasketi mpya ninayo, boliti zina kutu nimezimwagia dawa ya kulegeza, zikikubali kufunguka naifunga halafu narekodi tena asubuhi yenye baridi ileile.