Paa lililoezuliwa na Hidaya: kwa nini nilibadilisha upande mmoja tu

Mabati matatu ndiyo yaliyoondoka. Moja tulilikuta limelalia mpapai wa jirani, la pili limejikunja kama mkeka nyuma ya choo, la tatu mpaka leo sijui lilikwenda wapi. Nyumba yetu iko Kilwa Masoko, upande mmoja wa paa unatazama bahari. Kimbunga Hidaya kilipopita pwani yetu, usiku wa kuamkia Mei 4, 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatutangazia. Tulijaza maji, tukachaji simu, tukaingiza kuku ndani. Paa hakuna aliyeliangalia.

Asubuhi yake mtaa mzima ulikuwa mafundi. Jirani akasema nitafute mabati matatu ya kuziba pengo, kwingine nipake lami, basi. Kaka yangu yuko Dar, yeye kwenye simu alishafika mbali: ng'oa yote, weka bati la rangi aina ya msauzi, tena ukipata nafasi jenga ukuta ulifiche paa kama nyumba za siku hizi. Mama akasikiliza, akasema taratibu, "Sisi tumekulia kwenye makuti na tulilala usingizi."

Ya mama sikuyapuuza. Makuti ni baridi, na mvua ikinyesha unaongea na mtu bila kupiga kelele. Ila sisi tunakinga maji ya mvua kwenye tenki, na maji yaliyopita kwenye makuti yanatoka na rangi ya chai. Halafu jiko letu la kuni limegusana na nyumba. Makuti yakaishia kwenye banda la kuku.

Lami niliikataa kwa sababu nilishaipaka. Miaka miwili nyuma nilipanda mwenyewe na kopo na brashi, nikaziba kila nilichokiona. Sasa pale pale nilipopaka ndipo palipooza zaidi: lami ilipasuka kwa jua, maji yakaingia chini yake yakakosa pa kutokea, bati likaliwa kimya kimya.

Ikabaki hesabu ya kaka. Nyumba ni mgongo wa tembo wa kawaida, paa la pande mbili, urefu mita 12. Bati ukishalilaza juu ya mwenzake linafunika kama sentimita 76, kwa hiyo mistari 16 kila upande, na kila mstari mabati mawili ya mita tatu. Yaani 32 upande mmoja, 64 paa zima. Duka la karibu liliniambia shilingi 36,000 kwa bati la rangi la geji 28, geji ikiwa ni namba ya unene wa bati. Zidisha: 2,304,000, hapo hujagusa mbao wala fundi. Na mabati yenyewe hayakuwepo. Barabara ya Dar kwenda Lindi ilikuwa imekatika Somanga, malori yamekwama ng'ambo. Wakati ule niliona ni balaa. Leo naona zile siku za kusubiri ndizo zilizoniokoa, maana nilikuwa nimeshaanza kuzungumza na kikoba.

Wakati tunasubiri, mama akaniitia mzee mmoja aliyewahi kupaua msikiti wa mtaa wa pili. Alikuja saa sita mchana, jua la utosi, na hakupanda juu. Tukasalimiana, akasema, "Mwalimu, funga madirisha yote. Na mlango."

Tukasimama gizani sebuleni tukiangalia juu. Nyumba haina dari. Upande wa bahari ulikuwa na nyota. Vitundu vidogo vidogo vya mwanga, vingi vikifuata mistari ya misumari na pale mabati yanapolaliana. Akaniomba chaki, hiyo kwangu haikosekani, nikapanda ngazi nikaweka alama kila penye mwanga. Upande wa bahari 41. Upande wa bara sita.

"Sasa tuangalie mifupa," akasema. Akachukua bisibisi akaichomeka kwenye papi, ule ubao unaopigiliwa bati, upande wa bahari karibu na upenu. Ikazama hadi mpini kama anachoma papai bivu. Akashika msumari wa bati kwa vidole viwili tu, ukatoka. Kichwa kizima, lakini shina limeliwa na chumvi limekuwa jembamba kama sindano ya kushonea magunia. Akaniwekea kiganjani. "Upepo haukukuvunjia bati. Upepo umeinua kitu ambacho hakikushikwa."

Kwa upande wa bara bisibisi iligoma. Papi ngumu, mabati mazito ya zamani, kutu ya juujuu tu. Mzee akanieleza kwa nini: chumvi ikitua mahali mvua inapopaosha, haikai. Inakaa chini ya upenu na katikati ya mabati yaliyolaliana, ambako mvua haifiki. Upande wa bahari unapokea chumvi nyingi mara zote, kwa hiyo sehemu zake za maficho zinaliwa kwanza.

Hapo nikampa wazo nililojiona nalo mjanja. Kwa nini nisiweke mabati mapya nusu ya juu tu, huku chini nibakize ya zamani yenye nafuu? Akakataa katakata. Maji yanayoshuka kutoka bati jipya la rangi hayajachukua njiani zinki yoyote, ule utando unaolikinga bati na kutu, na yakidondokea bati la zamani la zinki tupu yanaila zinki ile upesi, hasa pale yanapodondokea. Juu mpya chini kuukuu, hapana. Ila upande huu mpya na ule kuukuu hakuna shida, kila upande unamwaga maji yake, kofia tu, lile bati la kileleni, ndiyo inayoziunganisha.

Basi uamuzi ukawa huo. Upande wa bahari: ng'oa kila kitu hadi kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, papi mpya zilizotiwa dawa, mabati mapya, na kila kenchi ifungwe kwa waya mnene ulioshikwa kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya kuta, kazi ambayo haikuwahi kufanyika tangu marehemu baba ajenge. Upande wa bara: mabati yabaki, misumari itoke, tundu zile zile zipigwe skrubu nene zaidi zenye mpira. Kwenye upenu, kofia na pembeni, skrubu karibu karibu, maana upepo unaanza kunyonya kutokea kwenye kingo. Na skrubu ipite mgongoni mwa bati. Kwenye bonde ndiko maji yanakopita.

Malori yalipofika nilikwenda dukani na maikromita, kifaa cha kupimia unene, ya maabara ya shule mkobani. Muuzaji alicheka mpaka nilipoanza kupima. Bati la kwanza likasoma milimita 0.35. La pili, lenye maandishi yale yale ya geji 28, likasoma 0.28. Geji namba ikipanda bati linakuwa jembamba, hilo wengi tunalijua, lakini mimi nilikuwa naamini muhuri. Nikapima yote 32 pale pale uani, nikakataa tisa. Yakabadilishwa bila neno, kitu ambacho kiliniambia kuwa sikuwa mwanamke wa kwanza kuuziwa bati jembamba.

Kazi ilichukua siku nne na ikanigharimu 1,882,000: mabati 1,152,000, mbao na skrubu na waya 430,000, ufundi 300,000. Kaka alipokuja Idi alisimama barabarani akaangalia, bluu huku, kijivu cha kutu kule, akauliza kama nyumba imevaa doti moja au kanga mbili za watu tofauti. Mama akamjibu, "Ukiwa ndani rangi huioni."

Moja lilinishinda. Siku ya tatu mzee hakuja, akamtuma kijana, na kijana akakata mabati kwa grenda huku yamelala juu ya mengine. Mimi nilikuwa darasani. Baada ya wiki tatu bluu yangu ikaota madoa ya kahawia kama mabaka usoni: zile cheche na vumbi la chuma vilitua kwenye rangi vikashika kutu. Mkasi wa bati ulikuwepo, umening'inia kwenye msumari jikoni. Nimesugua kwa brashi laini na maji, nimepaka rangi sehemu zilizochubuka, lakini mengine yamebaki na nayaona kila nikianika nguo.

Masika ya 2025 upande wa bahari haukudondosha hata tone. Upande wa bara umevuja mahali pamoja, juu ya kitanda cha wageni, skrubu ilikazwa mno mpira ukapasuka. Tumebadilisha. Nimeanza kununua mabati ya upande huo pia, mawili matatu kila mwezi mshahara ukiruhusu, na maikromita naiazima kila safari. Yamefika 12. Nayaweka chumbani kwangu yamesimama yakiegemea ukuta, vijiti vikiwa katikati yake, kwa sababu mabati yakilala yamebanana na unyevu ukaingia yanaota ukungu mweupe hata kabla hayajaona paa. Mama anasema chumba changu sasa kinafanana na duka.